Mtunza Bashi na Waliomtegea

Katika kila kilio cha mtaa wetu hapa Kasongo, mtu wa kwanza kufika alikuwa yeye, na kitu cha kwanza kukosekana kilio kikiisha kilikuwa kimepita mikononi mwake. Mambo hayo mawili tuliyaona kwa macho yetu miaka na miaka, na hatukuwahi kuyaunganisha. Sisi ni watu wa heshima sana.

Jina lake silitaji. Kwanza nina aibu. Pili, akisikia nimemtaja katika daftari hili atasema limeandikwa na mtu mwingine kwa mwandiko wangu. Tulimwita Mtunza Bashi, na hilo linatosha. Bashi ni ile turubai kubwa ya plastiki inayotandazwa juu ya miti uani kwa wafiwa, ili watu walie kivulini. Mtaa wetu una komite ya kilio. Kila nyumba, ya Waislamu na ya Wakristo, ilitoa kitu: sufuria kubwa, viti vya mbao, kamba, taa. Vyote vinakaa katika chumba cha matofali nyuma ya nyumba ya Prezida wa komite. Nyumba iliyo ndani ya komite ikifiwa, inaletewa bashi hata kabla ya maji ya kuosha maiti. Nyumba isiyo ndani inalilia jua. Kwetu watu wanasema hivyo, kulilia jua, na ukitaka kupigana na mtu mwambie kwamba mama yake alililiwa juani.

Chumba kilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Mtunza Bashi. Wa pili alikuwa nao baba yangu, kwa sababu baba ni fundi baiskeli, hasafiri, na hazungumzi.

Kumwangalia Mtunza Bashi akifunga bashi kulikuwa raha. Nasema kweli, maana daftari hili silidanganyi. Alivua koti lake la suti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, kisha akaanza kuwapigia vijana kelele: "Vuta! Vuta hapo! Unavuta namna gani, kama bibi-harusi?" Fundo lake lilishinda mvua na upepo, halafu yeye alilifungua kwa vidole viwili. Hakula kabla ya wafiwa kula. Mtoto wa jirani zetu Wakristo alipofariki, upepo ulivunja mti wa katikati wakati wa sala, na yeye akaingia pale pale, akaishika bashi kwa kichwa na mikono mpaka mchungaji alipomaliza. Na mchungaji yule hakuwa mtu wa kuomba kwa ufupi. Niliona machozi yanamtoka, na hayakuwa maji ya mvua. Kesho yake vifuniko viwili vya sufuria havikurudi chumbani.

Vitu vidogo hakuchukua. Kalamu yangu ilianguka njiani siku moja, akaiokota, akazunguka nyumba nne akiuliza ni ya nani, mpaka akafika kwetu. Mtoto wa mtu akilipa chumvi akasahau kifurushi, Mtunza Bashi ndiye aliyemkimbilia nacho huku koti linapepea. Alikuwa mwaminifu kabisa kwa kila kitu kisichohitaji pikipiki kukibeba.

Kwangu alikuwa mwema kuliko watu wazima wote. Mimi ni msichana, na koo langu hufunga mbele ya watu. Wakubwa wanapenda kunisimamisha njiani: "Weye mutoto, husalimu? Ulimi wako umeuzwa?" Na kadiri wanavyouliza ndivyo koo linavyozidi kufunga. Niko mwaka wa nne wa sekondari, na mwalimu wa Kifaransa mpaka leo anadhani kiti changu kina mtu mwingine anayeniandikia mitihani. Mtunza Bashi hakuuliza. Akipita kwetu aliinua mkono tu: "Usijibu, mama, nimesikia." Kisha akaendelea na safari yake. Kwa maneno hayo nilimpenda. Nilifikiri ndiye mtu pekee aliyenielewa, na katika hilo sikukosea hata kidogo.

Neno lake kubwa lilikuwa montaji. Kwetu kila mtu analijua, linatoka redioni. Mkubwa akikamatwa na kitu kisicho chake, anasema ni montaji, yaani amewekewa, ametegwa ili aonekane mwizi. Lakini wakubwa wanalisema wakiwa wameshakamatwa, mbio mbio, huku jasho linawatoka. Mtunza Bashi aliona huo ni uvivu. Yeye alilitayarisha mapema.

Mara ya kwanza zilikuwa sufuria mbili, zile za kupikia wali wa watu wengi. Asubuhi komite ilikuta mlango umefungwa vizuri, sufuria hazipo, na katikati ya sakafu kuna kofia yake. Ile ya Idi, yenye kazi ya sindano. Imesimama wima kama inauzwa.

Watu walienda kwake na hasira. Aliwaletea viti. Aliwasikiliza mpaka wa mwisho akachoka. Kisha akauliza kwa upole:

"Wandugu zangu, mutu mwenye akili anaenda kuiba na kofia ya Idi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Na akiisha kuiba, anaivua? Juu ya nini? Sufuria ziliomba heshima?"

Mtu mmoja akacheka, na kwetu mtu akicheka katika kesi, kesi imekwisha. Prezida alijikuna kidevu. Kweli, hakuna mwizi mjinga namna hiyo. Basi huyu si mwizi. Basi kofia imewekwa. Na ikiwa imewekwa, yuko aliyeiweka. Watu hawakugundua kwamba hapo ndipo kesi ya pili ilipozaliwa, na kwamba ilihitaji mtu wa kuilea.

Wakauliza nani anayeshika kofia ya mtu. Wakamkumbuka fundi cherehani, mzee mmoja mwenye masikio mabovu, ambaye juma lile alikuwa nayo kofia hiyo anarekebisha ukingo. Walimwita wakamsomea kosa lake, refu, lenye vipengele. Akatikisa kichwa kwa kujali, akajibu:

"Ijumaa itakuwa tayari."

Wakaona ni jeuri. Wakamtoa katika komite.

Sasa, kwetu mtu aliyesingiziwa haachwi hivi hivi. Anaoshwa uso. Waliomshuku wanamletea beseni la maji, mchele na kuku mweupe, na mkubwa wao anammiminia maji usoni mbele ya watu ili lile neno baya liondoke. Ni desturi nzuri, sina ubaya nayo. Mtunza Bashi ameoshwa mara tatu. Sidhani kama kuna uso msafi kuliko ule kusini kote kwa Maniema, na ukiona kuku mweupe mtaani kwetu leo, ujue amekuja kutembea.

Mara ya pili alitusaidia zaidi. Kamba na taa zilipopotea, yeye mwenyewe ndiye aliyeiita komite ipekue nyumba yake.

"Anzeni kwangu," alisema. "Mi njo mutunzaji. Nikikataa kupekuliwa, nani atakubali?"

Watu walisema umeona mtu wa haki. Wakaanza kwake. Chini ya kitanda, mbele kabisa, ilikuwapo taa moja ya komite, imefutwa vumbi na kioo kinang'aa. Yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Halafu alikasirika, lakini si kwa ajili ya wizi. Alikasirikia ufundi.

"Ona! Hata kuficha hawajui! Wanaweka hapa mbele, mutoto wa kutambaa angeiona! Wananizarau namna gani?"

Alizunguka kitanda akieleza mahali ambapo mwizi wa kweli angeiweka, kama seremala anayeonyeshwa kiti cha mwanagenzi. Prezida aliona haya hata kuigusa taa ile.

Safari hii aliyeweka alikuwa mama mjane kutoka upande wa Lusangi, kwa sababu alimletea Mtunza Bashi mihogo kila asubuhi na hivyo aliingia nyumbani mwake. Yule mama alijua Kibangubangu vizuri sana, na Kiswahili cha kuuzia mihogo. Walimuuliza maswali marefu kwa Kiswahili cha komite. Alijibu "ndiyo" kwa kila swali, kwa adabu, kama mtu aliyefundishwa na wazazi wake kutowapinga wakubwa. Walipomaliza kumfukuza alisema, "Aksanti." Alielewa siku ya tatu, alipoona hakuna anayenunua mihogo yake.

Na mara ya tatu ndiyo yetu.

Mwaka ule nyumba zote zilichangia bashi mpya, ya bluu, pana, yenye herufi nyeupe za komite pembeni. Watu walikuwa wanaiongelea kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wazee wengine walifurahi kiasi kwamba ungedhani wanataka kufa tu waione ikitandazwa.

Hapa naandika polepole. Asubuhi moja nilikuwa natoka kuchota maji, na yeye alikuwa kando ya barabara ya Kabambare, anasaidiana na mwenye pikipiki kufunga mzigo nyuma. Mzigo ulifunikwa na gunia, lakini gunia halikutosha. Ulikuwa wa bluu, na umefungwa kwa lile fundo lake. Aliinua macho akaniona. Akainua mkono.

"Usijibu, mama, nimesikia."

Na kweli sikujibu. Nilienda nyumbani na ndoo yangu, nikaandika siku hiyo katika daftari, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba labda komite ya mahali pengine imeazima. Nilijiambia mambo mengi. Mtu wa aibu ana muda mwingi wa kujiambia mambo.

Mchana kelele zikaanza. Chumba kimefungwa, bashi haipo, na katikati ya sakafu kuna karte ya kura ya Mtunza Bashi, ndani ya plastiki yake, picha inatazama juu.

Nilikuwa nyuma ya watu, nilimsikia.

"Wandugu zangu," alisema, akiishika karte kwa vidole viwili kama samaki wa jana, "huyu mutu alikuwa anaenda kuiba ao anaenda kupiga kura?"

Watu walicheka mpaka Prezida akafuta macho. Kisha kicheko kikaisha, na watu wakaenda moja kwa moja mpaka mahali ambapo walikuwa wameshazoea kwenda. Karte imewekwa. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa pili uko kwa nani?

Walimwita baba kutoka kazini. Alikuja na mafuta ya mnyororo mikononi. Prezida hakumuuliza kitu, alimwambia tu:

"Fundi, sisi si watoto."

Baba aliitazama karte. Akamtazama Mtunza Bashi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na rafiki. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akautoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Prezida, akarudi kwenye baiskeli ya watu aliyoiacha imepinduliwa. 

"Umeona?" watu wakaambiana. "Mwenye haki angepiga kelele."

Jina letu likafutwa katika komite jioni hiyo. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema, na nililimeza na ugali.

Mtu angeuliza kufutwa katika komite ya kilio ni hasara gani, na sisi wote tuko wazima. Hatukuwa wazima wote. Tunaye Bibi, mama yake baba. Bibi aliosha maiti za wanawake Waislamu wa mtaa huu tangu kabla sijazaliwa, na waliobaki alienda kuwalilia hata kama walikuwa Wakristo, hata kama walikuwa wamemtukana. Mwaka huu miguu ilikataa, na kifua kinalia usiku na mchana kama mlango usiotiwa mafuta. Bibi haogopi kufa. Anaogopa uwanja wetu.

"Miye nimewafunga watu hawa wote sanda," aliniambia. "Leo nitoke hapa, watu wakae juani, wapita njia waangalie, waseme njo nyumba ya mwizi wa bashi? Hapana. Heri munizike mihogoni bila kumwambia mutu."

Kila akikohoa, baba aliacha kazi na kusikiliza. Kisha alianza tena kupiga nyundo, kwa nguvu zaidi ya ile ambayo baiskeli inahitaji.

Mtunza Bashi hakuwa tena mtaani. Miezi michache baada ya kuoshwa uso mara ya tatu, alihamia Wamaza, katika wilaya ya Kabambare, kwa binti yake aliyeolewa huko. Komite ilimfanyia kwaheri yenye hotuba. Prezida alilia. Mtunza Bashi aliwaambia, "Nawaachia kila kitu." Nilifurahi kusikia kwamba kuna kitu kilikuwa kimebaki.

Aliyeamua twende Wamaza ni Shangazi, dada yake baba. Mungu alipogawa ulimi katika familia yetu, alimpa Shangazi fungu la watu wote. Alisema atamleta yule mzee kwa masikio, aje aseme mbele ya komite kwamba ndugu yake ni safi, kabla Bibi hajatuacha. Mimi nilibebwa kwa kazi moja: "Weye utaandika atakachosema, asije akabadilisha." Tulipanda pikipiki moja watu watatu, na mahali pengine sisi ndio tuliobeba pikipiki.

Tulipofika Wamaza kulikuwa na kilio. Hatukuhitaji kuuliza njia. Tuliiona kwa mbali, bluu, pana, imevutwa vizuri bila mkunjo hata mmoja, na herufi nyeupe za komite yetu ya Kasongo zinasomeka pembeni. Chini yake wanawake walikuwa wanalia kivulini. Sufuria zetu mbili zilikuwa jikoni. Taa zetu zilikuwa zimetundikwa. Na yeye alikuwa pale, amekonda, anaegemea fimbo, anapiga kelele: "Vuta! Vuta hapo!"

"Mwizi!" Shangazi akasema, na hakusema kwa sauti ya kilioni.

Watu wakageuka. Mtunza Bashi akatutazama, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Hawa wageni wangu, wa Kasongo," aliwaambia wafiwa. "Njia imewachosha. Waleteeni maji."

Tulisubiri mpaka mazishi yakaisha, kwa sababu hata Shangazi ana mipaka. Kisha alikuja kukaa nasi nyuma ya jiko. Alikuwa na pumzi fupi.

"Hii bashi ni yetu," Shangazi alisema.

"Njo yenyewe."

"Unakubali!"

"Ntakataa nini, mama, imeandikwa." Alitabasamu. "Hapa watu wote walikuwa wanalilia jua. Wakubwa, watoto, wote. Sasa miye nikuje ku nyumba ya mukwe mikono mitupu, muzee wa kula tu? Nilituma vyombo kwanza, kidogo kidogo. Halafu nikakuja mwenyewe. Leo Wamaza hawachimbi kaburi bila kuniita."

Nilimwangalia alivyosema hayo, na nikaona hakuwa anajitetea. Alikuwa anajivuna. Kumbe miaka yote ile tulipokuwa tunamwosha uso, yeye alikuwa anajenga komite ya pili kwa vyombo vya komite ya kwanza. Aliwaibia maiti wa Kasongo akawafunika maiti wa Wamaza, na katikati hakula chochote isipokuwa kuku.

"Basi tunaichukua," Shangazi akasema. "Leo leo."

"Chukueni." Alikunywa maji taratibu. "Mufike nayo Kasongo. Watauliza, imetoka wapi? Mutasema, Wamaza. Watasema, kumbe fundi baiskeli aliificha Wamaza! Mi ntasikitika sana."

Shangazi alikuwa ameshakunja mikono ya gauni; akaishusha. 

Sijui nini kilinipata. Sauti ikatoka, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Juu ya nini ulimchagua baba?"

Mtunza Bashi akageuka. Hakuwahi kuisikia sauti yangu, na safari hii hakusema amesikia.  Halafu alinijibu bila ubaya wowote, kama mkubwa anayemfundisha mtoto kazi.

"Juu ya kuwa hasemi, mama. Mutu wa kusema humutegei. Huyu shangazi yako nikimwekea kijiko tu, atalala mulangoni kwa Prezida juma nzima. Lakini fundi cherehani hasikii. Yule mama wa Lusangi, Kiswahili kinamushinda. Baba yako anasikia, na Kiswahili anacho, ila hasemi. Miye nachagua vizuri." Akanielekezea fimbo yake. "Na weye ulikuwa barabarani ile asubuhi. Niliogopa siku mbili, sikulala. Halafu nikakumbuka ni weye."

Nililiandika neno kwa neno, kama nilivyoagizwa. Mwandiko umepinda, lakini linasomeka.

Tulipokuwa tunaondoka alitusindikiza mpaka barabarani na fimbo yake. "Mumusalimie Bibi yenu," alisema, na macho yake yakajaa maji. "Njo alimuosha mke wangu. Alimuosha vizuri." Nilitaka machozi yale yawe ya uongo. Hayakuwa.

Jumapili komite ilikutana mbele ya mtaa wote, hata sisi tuliofutwa. Shangazi akainua mkono, wakamwambia akae kwanza, kelele zake wanazijua. Basi nikasimama mimi. Niliinua daftari mpaka likafunika uso wote, nikaanza kusoma juu ya ile asubuhi, barabara ya Kabambare, mzigo wa bluu, na maneno yake mwenyewe kule Wamaza.

"Sauti!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tunasikia mbu tu!"

Nikasoma upya. Nilipomaliza, Prezida alinitazama kwa huruma.

"Binti, umekaa na neno hili miaka miwili? Leo njo unalileta, mwenyewe akiwa hayuko, na baba yako akiwa amefutwa?" Akawageukia watu. "Hiyo si montaji?"

Watu wakacheka. Yule mzee alikuwa Wamaza na miguu mibovu, lakini kazi yake aliiacha kwetu inaendelea bila yeye.  Lakini kulikuwa na ukurasa wa pili, na nilikuwa nimeusoma mara nyingi njiani kiasi kwamba ulitoka wenyewe.

"Aliyeweka kofia, mlisema ni fundi cherehani. Hasikii. Aliyeweka taa, mlisema ni mama wa Lusangi. Kiswahili hakukijua. Aliyeweka karte, mlisema ni baba. Hasemi. Mtunza Bashi alikuwa na maadui watatu, na wote watatu hawawezi kujibu. Prezida, weye una mdomo mkubwa, juu ya nini hakuna siku hata moja alisema ni weye umemwekea?"

Katika daftari nilikuwa nimeandika "unajua kusema." Huo mdomo mkubwa sijui ulitoka wapi.

Hakuna aliyecheka. Nilishusha daftari kidogo nione kama bado wapo. Fundi cherehani alikuwa anaangalia midomo ya watu, anajaribu kujua nani amefariki. Mama mmoja akasema "Ee!" polepole, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mwingine akasema, "Na kuku wangu?" Halafu wakaanza kusema wote, kila mmoja na kuku wake, mpaka Prezida akapiga meza. Alikuwa ameona haya, na alipoona haya alimgeukia baba, aliyekaa mwisho wa benchi na mafuta yake mikononi.

"Fundi. Weye unasema nini?"

Baba alisimama. 

"Nilikuwa nangoja muniulize," alisema.

Watu wakatazama chini, mmoja mmoja.

"Sikuiba. Sikuweka," akaongeza. Kisha akakaa.

Komite haikusema ilikosea, kwa maana komite haikosei. Iliandika kwamba "jambo limeeleweka," na majina matatu yakarudishwa. Mama wa Lusangi walimletea mtu wa kumsemesha kwa Kibangubangu, na alijibu kwa dakika nyingi sana, na yule mkalimani alitafsiri maneno mawili tu, akasema mengine hayafai kikaoni. Bashi ya Wamaza wameiacha huko. Kwenda kuivua juu ya vichwa vya wafiwa kulimshinda hata Shangazi. Nyumba zitachanga nyingine, na kwa sasa ile kuukuu iko chumbani, na haki yetu ya kuletewa iko pale pale.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Bibi kwanza. Alikuwa amelala kaelekea ukutani.

"Bibi, wameturudisha. Bashi tutaletewa. Wakati wowote."

"Nani alisema?"

"Miye."

Akageuka. Ilimchukua muda, kifua kikilia.

"Weye? Mbele ya watu?"

"Ndiyo. Na baba."

"Baba yako alisema?" Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Alisema nini? Niambie yote. Hapana, mwite mwenyewe aniambie. Na Prezida mwambie asiilete hiyo bashi yake kwanza, aikunje. Nyumba imeanza kusema leo, miye niende wapi?"